Kilio Juu ya Barafu

Watu wakisimulia mambo ya kutisha hupenda kuanzia usiku: mbwa wanabweka, umeme umekatika, mlango unalia wenyewe. Haya yangu yalitokea mchana kweupe, jua linachoma, majirani wanaanika nguo. Yalimpata wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja. Wala sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa nakaa nyumbani kwake.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Nilimwogesha mtoto, nikampaka mafuta, nikamvalisha. Mtoto huyo tulimpachika jina la Tonge, maana alizaliwa mnono, mashavu yamejaa hadi macho yanamezwa akicheka. Kaka alikuwa safarini. Yeye ni fundi lifti, hupelekwa popote panapojengwa ghorofa. Likizo ya uzazi ya wifi ilikuwa imekwisha. Basi mimi shangazi mtu ndiye niliyeitwa kuja kulea, na kila adhuhuri nilimbeba Tonge nikampeleka kazini kwa mama yake akanyonye. Hapakuwa mbali. Ukitoka getini unawapita mafundi wa madirisha, unavuka barabara, umefika kwenye taasisi yao ya utafiti.

Wifi alikuwa daktari mpasuaji, lakini wagonjwa wake ungewaweka kwenye kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Alikuwa anapasua vichanga vya panya, panya weupe wa maabara, wakiwa bado hawajafumbua macho wala kuota unyoya. Ngozi yao ni nyembamba kiasi kwamba wakinyonya unayaona maziwa tumboni. Profesa wake alikuwa anatafuta njia bora ya kutibu mioyo ya watoto wanaozaliwa na kasoro, na kabla ya kumgusa mtoto wa mtu ilibidi ajaribu kwa hawa. Mikono ya kazi hiyo alikuwa nayo wifi. Alishona moyo ulio mdogo kama choroko, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, jicho kwenye hadubini, pumzi ameibana.

Nyumbani, nepi ya mwanawe ilimshinda kufunga.

"Daktari mzima!" nilimcheka.

"Niache, wifi. Panya wangu hawarushi mateke."

Siku moja nikamuuliza, kwa nini hawarushi? Mnawapiga nusu kaputi, kama watu?

Alikuwa anamnyonyesha Tonge kwenye benchi la korido, kisogo kimeegemea ukuta, kachoka. Akanieleza bila kufumbua macho. Vichanga wa umri ule dawa za sindano ni hatari kwao, maini yao bado machanga, na gesi ya usingizi ukizidisha kidogo tu humwamshi tena. Kwa hiyo pale kwao walilazwa usingizi kwa barafu. Unamviringisha kwenye kipande cha glovu ili ngozi isiungue, unamweka juu ya sinia ya barafu iliyopondwa. Alikuwa mwekundu, anakuwa wa waridi, mwisho anakuwa mweupe. Unambana kidole cha mguu. Asipouvuta mguu, unaanza kazi. Ukimaliza unampasha joto taratibu, unamfuta damu yote, unamsugua na matandiko ya tundu lao ili anuke nyumbani, ndipo unamrudisha kwa mama yake.

"Akinuka damu, mama anamkataa," alisema. "Mwingine anamla kabisa."

"Na maumivu?"

"Maumivu ya nani? Baridi ikishaingia, wifi, humo ndani hamna mtu. Ni kama taa imezimwa."

Alisema kama mtu anayekwambia maji hutiririka kwenda bondeni. Nami nani nimbishie? Tonge aliachia ziwa, akacheua, tukarudi nyumbani.

Chumba kilichopakana na cha wifi kilikuwa cha mtafiti mmoja mrefu, mpole, ambaye wote pale walimwita Masikio. Si kwa ukubwa wa masikio yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza panya. Ndiye aliyenifundisha kwamba kichanga cha panya hulia kwa sauti ya juu mno, sikio la binadamu haliifikii. Anaweza kulia mbele yako mpaka akafa, na wewe unakunywa chai. Masikio alikuwa na boksi lenye kipaza sauti kilichoinama mbele kama shingo ya bata. Boksi lile lilikuwa linaishusha sauti mpaka tuisikie. Siku moja alinisikilizisha. Ilikuwa kama kidole chenye maji kikisugua kioo. Kinasugua, kinanyamaza. Kinasugua tena.

"Wanasemaje?" niliuliza.

"Kama huyu wako tu. Nina baridi. Nina njaa. Uko wapi."

Sasa, ikafika siku Profesa alipotaka matokeo haraka, maana kulikuwa na wageni wanakuja kutazama kazi yao. Wifi akaambiwa apasue uzao mzima kwa siku moja, ndugu wote wa tumbo moja. Nilipofika adhuhuri na Tonge begani, alikuwa bado mezani. Nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu palikuwa na kioo kikubwa, kile cha wageni kuangalia bila kuingia. Nilimwona wifi ameinamia hadubini, kofia imemfunika hadi nyusi. Pembeni yake, sinia ya barafu. Juu ya barafu, vichanga wamepangwa kama maganda ya karanga, weupe, hawatikisiki. Nyuma, kwenye tundu lake, mama yao anazungukazunguka.

Masikio alikuwa anahamisha vyombo vyake. Akapita na kitoroli, boksi likiwa juu yake, akakiacha kwenye mlango wa wifi akarudi kuchukua nyaya. Hakuwa amelizima.

Boksi likaanza kulia.

Haikuwa ile sauti niliyoijua. Haikunyamaza katikati. Ilikuwa moja, ndefu, inapanda, halafu ikaingia ya pili juu yake, na ya tatu, mpaka korido nzima ikawa inapiga yowe. Tonge alishtuka mikononi mwangu. Masikio alitoka mbio.

"Mama yao huyo," alisema. Akaingia chumbani, akakielekeza kipaza sauti kwenye tundu la mama.

Kimya.

Akakirudisha taratibu. Meza. Taa. Hadubini. Kilipofika juu ya sinia ya barafu, yowe likarudi.

Wale vichanga hawakuonekana kupumua. Hawakuwa na rangi. Hata mdomo mmoja haukuwa wazi.

Masikio akakisogeza hadi juu ya yule aliyekuwa chini ya kisu cha wifi, kifua wazi. Boksi likatoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Nitasema tu kwamba kila sindano ya wifi ilipoingia, ilipanda. Ilipotoka, ikashuka.

Mkono wa wifi ukasimama hewani.

"Zima hicho kidude," alisema.

"Daktari, hawa..."

"Aliyepoa kiasi kile halii, Masikio. Haiwezekani. Boksi lako bovu. Zima."

Akazima. Wifi akaendelea kushona. Alimaliza wote, hata yule wa mwisho, na mkono wake haukutetemeka. Aliwapasha joto, akawafuta, akawasugua na matandiko, akawarudisha kwa mama yao.

Mama hakuwala. Aliwanusa mmoja mmoja. Halafu akaanza kuwafunika kwa matandiko, akisukuma kwa pua, akishindilia kwa mikono ile midogo, mpaka hakuonekana hata mmoja. Nimewahi kuona watu wakifanya vile. Makaburini.

Jua lilipoanza kuinama vichanga wote walikuwa wamekufa. Mkeka wa joto chini ya tundu ulikuwa unafanya kazi. Masikio aliugusa, ukamchoma kiganja. Vichanga walikuwa baridi kama walivyotoka kwenye barafu. Na mama yao alikuwa amekaa, hazunguki tena, ameigeukia korido. Nilidhani ananitazama mimi. Nikasogea upande wa pili wa benchi nipishe macho yale. Kichwa chake kikatufuata.

Alikuwa anamtazama Tonge.

Kesho yake asubuhi wifi alikwenda kazini kama kawaida. Nilikuwa napepeta mchele kwenye ungo, Tonge kalala kitandani kwake. Nikanyanyua macho, nikamwona ameamka. Uso umekunjamana, ngumi zimekazwa, machozi yanatiririka hadi masikioni, mdomo umepanuka wote. Analia kilio cha kuvunja moyo.

Hakutoa sauti.

Niliuacha ungo ukaanguka. Nikadhani amepaliwa. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni, nikamtia kidole mdomoni nione kilichomkwama. Hakukuwa na kitu. Ila mdomo ule ndani ulikuwa baridi, kama mdomo wa chupa iliyotoka kwenye friji.

Kitu kikagonga dirisha, nikaruka. Alikuwa paka wa jirani. Kapanda kwenye kizingiti, mkia umevimba, masikio yote mawili ameyaelekeza kitandani. Tonge akafunga mdomo kuvuta pumzi. Masikio ya paka yakalegea. Tonge akaufungua, yakasimama tena. Akaufunga. Akaufungua. Kila mara paka alisikia, mimi sisikii.

Nilichukua kanga nikamfunga mgongoni.

Nilimbeba hadi zahanati. Mganga akamtazama koo, akamsikiliza mapafu, akasema mtoto mzima, labda sauti imemkauka. Muuguzi alimpima joto. Akakitazama kipimajoto, akakikung'uta, akampima tena. Akaleta kingine. "Hivi vya siku hizi havina maana," alisema, akaviweka vyote viwili kando. Nilimpigia kaka simu, akaniambia nimvalishe soksi. Sikumlaumu. Aliye juu ya ngazi ya lifti mji mwingine atajua nini?

Nilimwogesha kwa maji ya moto kiasi, yakapoa kabla sijamaliza mgongo. Nikayaongeza. Yakapoa. Mtoto alikuwa mwekundu, akawa wa waridi. Nilipoona midomo inaanza kuwa myeupe nilimfunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, nikatoka naye juani nikasimama pale uani kama nguo iliyoanikwa, mpaka wifi aliporudi.

Alimpokea mwanawe, akambusu, akatoa midomo haraka. Kisha nilimwona anakipapasa kidole cha mguu wa mtoto. Akakibana.

Tonge hakuuvuta mguu.

Wifi alikaa chini, pale pale sakafuni. Nikamwambia habari ya paka. Aliponisikia mpaka mwisho, alisema, "Mwite Masikio. Aje na boksi."

Masikio alikuja bado amevaa koti la kazi. Akaliweka boksi kwenye meza ya chakula, kati ya chupa ya chai na makopo ya maziwa, akaliwasha. Likakoroma, likatulia. Tukasubiri. Tonge alikuwa mapajani mwangu, macho kavu, anatutazama mmoja mmoja kama mtu mzima anayejua watu wanamjadili.

Akafungua mdomo.

Nimesema sitaki kuielezea sauti ile. Ilikuwa ni ile ile. Wala haikuwa moja. Mdomo ulikuwa mmoja, wanaolia walikuwa wengi. Zilipandana, zikasukumana, kama ndugu wanaogombea ziwa. Wifi aliziba masikio.

"Wanaita," Masikio alinong'ona.

"Wanamwita nani? Mama yao si yuko kule?" niliuliza.

Masikio alikishika kipaza sauti, akakizungusha polepole chumbani. Kila kilipopita, sauti zilififia. Kilipomwelekea wifi zote zikanyamaza kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

"Chukua boksi lako," wifi alisema. Aliinuka akishika ukuta. "Lina hitilafu. Nimechoka. Nakwenda kujinyoosha kidogo."

Akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakiimba. Masikio aliondoka. Mimi nikabaki namsugua Tonge miguu.

Sijui ni nini kilichonifanya niinuke. Labda ule ukimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nilisukuma mlango.

Wifi alikuwa amelala chali, mikono ubavuni, macho wazi. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilimwangukia lote. Alikuwa mweupe. Si rangi ya mgonjwa, nawaambia. Rangi yake ilikuwa imeondoka.

"Wifi?"

Hakugeuka. Nilimgusa. Ubaridi ulinipanda hadi begani. Nikampiga kofi, nikamwita jina lake, nikamwita mama Tonge, nikamwita Mungu. Macho yalikuwa yananiangalia. Yalinifuata nilipokwenda. Kitu kingine chochote mwilini mwake hakikusogea. Nikashuka mguuni, nikamshika kidole gumba, nikakibana kwa kucha zangu mpaka nikaona alama.

Mguu ulitulia.

Nilivuta mablanketi yote ya nyumba ile. Nilimlundikia, nikajilaza juu yake, nikamlalisha Tonge kifuani kwake, mimi nikiwafunika wote wawili. Nikasugua. Nikapuliza pumzi yangu shingoni mwake. Sijui ilichukua muda gani. Kivuli cha nondo ya dirisha kilitoka sakafuni kikapanda ukutani. Kisha kidole chake kimoja kilinishika nguo.

Rangi ilirudi taratibu, ya waridi kwanza. Meno yakaanza kugongana. Aliposema, midomo yake ilikuwa sikioni kwangu.

"Haizimiki."

"Nini, mama?"

"Taa. Taa haizimiki, wifi. Kinachozimwa ni mwili. Kulikuwa na mkono. Mkubwa kuliko chumba. Nilisikia kisu. Nilisikia kila mshono ukipita. Nilikuwa napiga kelele... nilipiga kelele, ulikuwa unanitazama machoni. Kwa nini hukunisikia?"

Nililia. Yeye hakulia. Alimkumbatia mwanawe na kuangalia dari.

Asubuhi iliyofuata aliniambia nimfunge Tonge mgongoni tufuatane. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa Profesa, mimi nimesimama mlangoni. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, wa kusoma huku anakula, na aliwapenda watoto wagonjwa kuliko alivyoipenda afya yake mwenyewe.

"Barafu basi," wifi alisema.

"Kwa nini? Hawasogei."

"Hawasogei, lakini wanasikia."

"Nani kakwambia?"

Ungemwambia nini msomi yule? Wifi akasema, "Kusogea ni kazi ya misuli. Baridi imeifunga misuli. Tumejuaje kama imefunga na kingine?"

"Utaratibu huu unakubalika. Wageni wanakuja. Vichanga wa gesi watakufa mezani, tutabaki bila kitu."

"Basi watakufa wamelala. Nipe uzao mmoja. Wakifa, nitaondoka mwenyewe. Na ukitaka barafu, tafuta mikono mingine."

Profesa alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Tonge aliyekuwa ameinamisha kichwa begani kwangu, midomo myeupe. Sijui aliona nini. Alisema, "Uzao mmoja."

Wifi alijiandaa kama mtu anayekwenda kujifungua. Alikata ncha ya bomba la sindano akatengeneza kibarakoa cha pua ile ndogo. Akatandika mkeka wa joto. Gesi aliifungua kidogo kidogo. Pale atakapokata alidondosha dawa ya ganzi aliyoizimua mara nyingi, na akaweka tayari dawa ya maumivu ya baada ya kuamka. Kisha akamwita Masikio.

"Lete boksi. Ulisimamishe hapa, kichwani pa kichanga. Usilizime hata nikikwambia."

Mimi nilikaa kwenye benchi langu. Tonge alikuwa mzito na baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa ameacha hata kufungua mdomo. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kati ya moja na nyingine nilikuwa napata nafasi ya kuomba dua nzima. Nyuma ya wifi, kwenye tundu lake, yule mama aliyefiwa alikuwa bado ameugeukia ukuta wa kioo.

Kichanga wa kwanza akawekwa. Alijikunja, akajikunyata, akalegea. Hakuwa mweupe. Alilala akiwa wa waridi, kama mtoto aliyeshiba.

Wifi akagusa kisu.

Boksi likalia. Mara moja. Fupi.

Aliondoa kisu. Akaongeza gesi kidogo mno. Akasubiri. Tukasubiri sote. Profesa alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, sikumsikia akifika. Wifi akajaribu tena.

Kimya.

Akakata. Kimya. Sindano ikaingia. Kimya. Ikatoka. Nilimwona Masikio ameinamia boksi, jasho linamdondoka puani, anazungusha vitufe ahakikishe linafanya kazi. Linafanya kazi. Mshono mwingine. Mwingine. Wifi alifunga fundo, akapaka gundi, akasogeza kibarakoa. Kichanga akavuta pumzi yake mwenyewe. Mwingine akafuata. Yule wa mwisho kabisa alisita kupumua, wifi akamgusa kifuani kwa ncha ya brashi, kidogo, kidogo, huku anamsemesha, "Haya baba, haya, vuta." Akavuta.

Waliporudishwa kwa mama yao, panya mwingine wa tundu la pili, aliwanusa. Akamshika mmoja kwa mdomo, ngozi ya shingo, akambeba hadi kwenye kona. Akarudi kumchukua mwingine.

Hapo ndipo Tonge alipolia.

Alilia kwa sauti! Sauti ya mtu, nene, mbovu, yenye hasira, iliyopiga ukuta wa korido ikarudi. Watu walitoka vyumbani kwao. Wifi alikuja mbio akirarua glovu njiani, akamnyakua, akakaa sakafuni, akamnyonyesha mbele ya Profesa na yeyote aliyetaka kutazama. Niligusa unyayo wa mtoto. Ulikuwa na joto. Nilipoinua macho kwenye kioo, yule mama aliyefiwa alikuwa amegeuka. Alikuwa ametupa kisogo. Baadaye Masikio alimkuta amekufa vile vile, amekaa, pua kwenye kona.

Barafu haikutumika tena kwenye meza ya wifi. Wageni walikuja, wakaona vichanga hai wananyonya, wakaridhika. Profesa alisema wazo lilikuwa zuri, kana kwamba liliota lenyewe. Kaka alirudi na zawadi ya soksi. Tulicheka, tukaishi.

Miaka ilipita. Tonge alikua mrefu, mwembamba, jina halimfai tena lakini limemganda. Anacheza mpira kama amelipwa. Shule ilitaka wachezaji wapimwe afya, basi wifi na mimi tukampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mcheshi, alimsikiliza moyo, akasikiliza tena, akasema ampige picha tu kwa ajili ya uhakika. Akampaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa cha kupigia picha, akawa anaangalia kwenye skrini huku anamuuliza anacheza namba ngapi.

Halafu akaacha kuuliza.

"Huyu alipasuliwa lini?"

"Hajawahi kupasuliwa," wifi alisema.

Daktari alicheka, akidhani ni utani. Akapangusa mafuta kifuani kwa Tonge, akatafuta kovu. Akamgeuza, akatafuta ubavuni, akatafuta mgongoni. Ngozi ilikuwa safi. Akatugeuzia skrini.

Kwenye ukuta wa moyo wa mtoto wetu, unaodunda, palikuwa na mstari. Vidoa vidogo vinavyong'aa, vimepangana, vimelingana.

"Palikuwa na tundu hapa, mtu amelifunga," alisema daktari. "Tena akiwa mchanga kabisa. Sijapata kuona mishono midogo namna hii. Aliyeifanya ana mkono mwepesi sana. Mtoto mzima huyu, acheze tu."

Wifi alitazama picha ile muda mrefu. Akashukuru, akamsaidia mwanawe kuvaa shati, tukatoka. Tonge alitangulia, anapiga kizibo cha chupa kwa mguu, kinagonga kuta za korido. Nilimwambia wifi, vyovyote iwavyo, mtoto ni mzima, tumshukuru Mungu.

Alinishika mkono. Kwa vile vidole vya kushona.

"Wifi," alininong'oneza, "hakuna anayejua kama alilazwa usingizi."